Daladala ya Viti Sita: Maigizo na Michezo kwa Wanafunzi Wenye Mahitaji Maalumu

Mwaka wangu wa kwanza katika kitengo cha mahitaji maalumu nilifanya kosa ambalo walimu wengi wa vitengo tumelifanya. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, mwalimu mkuu akataka kitengo nacho kionyeshe kitu. Nikatunga mchezo wa dakika ishirini, nikagawa maneno ya kukariri, nikaazima ngoma tatu na spika. Tukafanya mazoezi wiki tatu. Siku yenyewe ilipofika, ngoma ya kwanza ililia karibu na spika, na mwanafunzi wangu mmoja mwenye usonji akaziba masikio, akakaa chini katikati ya jukwaa, akaanza kulia. Wenzake wakaganda. Mimi jasho linanitoka, nawanong'oneza maneno kutoka pembeni, nao wanayarudia bila kujua wanasema nini. Wazazi wakapiga makofi, na yalikuwa makofi ya huruma. Hayo ndiyo yaliyoniuma kuliko mchezo wenyewe kuharibika.

Jumatatu yake, wakati wa mapumziko, nilimwona mtoto yule yule amepanga viti viwili viwili, amekaa mbele, ameshika mfuniko wa sufuria na kuuzungusha kama usukani. Alikuwa anafanya hivyo tangu Januari. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Kwa hiyo ninayokuandikia hapa, mwalimu mwenzangu, yanatoka kwenye ule mfuniko. Yanakuhusu ukiwa mwalimu wa kitengo, yanakuhusu ukiwa na darasa jumuishi la watoto sabini ambamo wawili au watatu wana mahitaji maalumu, na yanamhusu mzazi pia, maana sehemu kubwa ya haya hufanyika hata sebuleni. Sikufundishi kuandaa onyesho. Maigizo ninayoyasema mimi ni ya kufanyia mazoezi ya maisha, na mara nyingi watazamaji wake ni waigizaji wenyewe.

Tazama kwanza

Kabla hujatunga chochote, chukua daftari ukae mahali unapowaona watoto wakati wa mapumziko, siku tano mfululizo. Usimwite mtoto, usimsahihishe. Andika mambo matatu tu: anashika nini, anarudia nini, anakimbia nini. Mmoja utamkuta anazungusha vizibo vya soda saa nzima. Mwingine anafuata kila mwenye ufagio. Mwingine kengele ikilia anaondoka uwanjani kabisa. Hayo ndiyo malighafi yako. Mwenye vizibo tayari ana bidhaa za duka. Mwenye kupenda ufagio anaweza kukufungulia igizo la nyumbani. Anayeikimbia kengele amekuonya mapema kwamba filimbi na ngoma kwake ni mwiba, na laiti mimi ningekuwa nimeandika hilo kabla ya siku ya wazazi.

Muulize na mzazi, lakini usimuulize "mtoto ana tatizo gani?" Swali hilo ameshaulizwa hospitalini, kanisani, msikitini na sokoni. Muulize mtoto huchekeshwa na nini. Utaona uso unavyobadilika.

Mlango wa kuingilia na wa kutokea

Watoto wengi wenye ulemavu wa akili au usonji hupata shida kutenganisha mambo ya kuigiza na mambo ya kweli. Ukijifanya umekasirika ndani ya igizo, kwao umekasirika. Kwa hiyo igizo liwe na mlango unaoonekana, ule ule kila siku. Mimi hutandika mkeka. Tukiwa juu ya mkeka tunaigiza, tukiukunja tumemaliza.

Kisha tumia kile ambacho bibi zetu walitupa bure. Msimulizi akisema "Paukwa!", wasikilizaji huitikia "Pakawa!" Itikio halibadiliki, kwa hiyo mtoto mwenye maneno machache ana uhakika wa kusema neno sahihi kwa wakati wake. Asiyesema kabisa agonge debe mara mbili, au ainue mkono, na kuitikia kwake kuhesabiwe sawa na kwa wengine. Usianze mpaka kila mmoja ameitikia kwa njia yake. Siku za mwanzo hilo peke yake litakula nusu ya kipindi. Liache lile.

Kwa upande wako, chagua vazi moja la kukuingiza katika uhusika. Nikijifunga kanga kiunoni mimi ni mama lishe, nikiifungua mimi ni mwalimu. Ifunge na uifungue mbele yao, polepole, huku ukisema unachofanya: "Sasa navua kanga. Mama lishe ameondoka. Mwalimu amerudi." Mwingereza Dorothy Heathcote, aliyefariki mwaka 2011 baada ya kufundisha maigizo miongo mingi, alijulikana hasa kwa mbinu hii ya mwalimu kuingia mwenyewe katika uhusika badala ya kusimama pembeni akitoa amri. Ina faida moja kubwa kitengoni: ukiwa mama lishe aliyesahau bei ya chapati, ni wewe unayehitaji msaada, na mtoto aliyezoea kusaidiwa kutwa nzima anapata kukusaidia.

Sasa daladala

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu igizo moja likichezwa vizuri kwa mwezi mzima linazidi maigizo kumi ya siku moja moja.

Panga viti sita, viwili viwili, na kimoja mbele cha dereva. Wiki ya kwanza hakuna kinachofanyika ila kupanda, kukaa, kusafiri na kushuka. Dereva azungushe mfuniko wake, abiria wayumbe kulia kona inapokuja, wayumbe kushoto, waruke kidogo kwenye tuta. Kuyumba pamoja ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana: mtoto anawatazama wenzake, anasubiri, anafanya sawa nao. Wapo ambao hawajawahi kufanya kitu kimoja na mtu mwingine kwa dakika mbili.

Wiki ya pili anaingia konda na nauli. Tumia sarafu za kweli, usitumie karatasi ulizokata. Anayejifunza kwa shida hutakiwi kumfundisha mara mbili, mara ya kwanza karatasi na mara ya pili fedha. Nauli iwe shilingi 200, abiria mmoja atoe sarafu ya 500, na hapo umeingia kwenye hisabati bila kugusa ubao. Asiyejua kutoa alinganishe: mwekee picha ya sarafu ya 200 na ya 100 kwenye kadi, azipange chenji zake juu ya picha.

Wiki ya pili hiyo ndipo nilipopata somo langu. Nilikuwa na msichana mwenye mtindio wa ubongo, mkono wake wa kulia hauna nguvu na maneno yake yanataka masikio yaliyozoea. Nikampangia nafasi ya abiria, maana abiria anakaa tu. Akakataa kwa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye sarafu. Ikanijia kwamba makonda wenyewe hawasemi "nauli" kila mara. Huchezesha sarafu kiganjani tu, na gari zima linaelewa. Tukatia sarafu nne kwenye kopo la dawa lenye mfuniko, akalishika kwa mkono wa kushoto, akapita nalo huku anaegemea migongo ya viti. Abiria wa kwanza akajifanya amelala. Msichana akasimama, akamtazama, akalitikisa kopo sikioni mwake mpaka akaamka. Darasa likaangua kicheko, na safari hii mchekeshaji alikuwa yeye. Kuanzia siku ile hakuna aliyemnyang'anya ukonda.

Wiki ya tatu ni kushuka. Kila abiria ana kituo chake kwenye kadi, picha kwa asiyesoma na maandishi makubwa kwa anayesoma. Dereva au konda anataja vituo, na abiria aombe kushushwa kabla gari halijapita. Njia za kuomba ziwe nyingi: kusema "shusha", kugonga bodi, kuinua kadi. Hapa mwalimu ana kazi moja ngumu, nayo ni kunyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia mtoto. Kwa mwalimu aliyezoea darasa la kawaida sekunde kumi ni kama saa nzima, lakini wapo watoto ambao jibu lao huanza kuja kwenye ya nane. Ukimsemea kwenye ya tatu, umemfundisha kwamba akikaa kimya mambo yake hufanyika.

Wiki ya nne tia tatizo. Abiria amepitilizwa kituo. Konda anasema hataki wanafunzi. Fedha imedondoka chini ya kiti. Simamisha igizo, uliza: "Sasa tufanyeje?" Mtoto mwenye wazo aje achukue nafasi, alionyeshe. Utaratibu wa namna hii tunaujua Tanzania. Mradi wa TUSEME, ulioanzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, uliwawezesha wasichana wa sekondari kutaja matatizo yao ya shuleni, kuyachambua na kuyaigiza ili yatafutiwe dawa. Kitengoni unafupisha: tatizo moja, swali moja, majibu mawili. Mwisho wa mwezi, kwa ruhusa ya mzazi na mtu mzima wa kuwasindikiza, pandeni daladala ya kweli. Chagueni saa ambayo gari halijajaa.

Ukimaliza daladala utajua mwenyewe kinachofuata. Wengi huendelea na duka, kinyozi, au zahanati, hii ya mwisho hasa inapokaribia chanjo au kung'olewa jino. Mtoto aliyemdunga mwanasesere sindano ya kuigiza mara kumi anaingia chumba cha sindano akijua pamba inakuja kwanza.

Kila mtoto na njia yake

Kiziwi usimweke kwenye kundi la kuimba ili tu ajaze nafasi. Mpe igizo bubu aliongoze, wenye kusikia wamfuate. Mikono na uso wake vimefanya kazi hiyo tangu utotoni, na mara nyingi atawashinda wote. Kaeni nusu duara ili kila mmoja aone mikono ya mwenzake. Usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo, uso wako utakuwa kivuli. Na kama lugha ya alama unayoijua ni ya salamu tu, kiri hivyo mbele yake, umwombe akufundishe alama za igizo zima kabla halijaanza.

Asiyeona aviguse vifaa vyote mapema, apite kwenye uwanja wa kuigizia akiwa na mwenzake, ahesabu hatua kutoka mkeka hadi kiti. Ukingo wa mkeka chini ya nyayo unamwambia jukwaa limeishia wapi, kwa hiyo usiusogeze katikati ya igizo. Kila mhusika awe na sauti yake: konda na kopo, mama lishe na kijiko kwenye sufuria, mzee na fimbo. Vifaa viwe vya kweli. Ndizi ya plastiki haina harufu.

Mwenye uoni hafifu anahitaji rangi zinazopingana, kanga nyeusi juu ya mkeka wa rangi ya maziwa kwa mfano. Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu pia, na ngozi yake haitaki jua, kwa hiyo igizo la uwanjani lifanyike kivulini na asubuhi, naye akae mbele.

Mwenye usonji mwambie kitakachotokea kabla hakijatokea. Kadi nne za picha ukutani zinatosha: mkeka, daladala, kushuka, kukunja mkeka. Kila hatua ikiisha, yeye ageuze kadi. Mwekee kona ya kupumzikia, na akienda huko asifuatwe. Kurudi kwake ni hiari. Ngoma anza nayo ikiwa mbali na kwa kiganja. Bora zaidi, mpe yeye mkwiro, kwa sababu kelele unayoipiga mwenyewe haikushtui kama ya mwingine.

Mwenye kigugumizi usimmalizie neno. Kuimba na kusema kwa pamoja humpa nafuu, hivyo mwanzishe kwenye kiitikio, baadaye kwa karagosi. Karagosi la soksi yenye vifungo viwili vya macho limewahi kusemesha watoto ambao walimu walishaandika "haongei" kwenye fomu. Usimtazame mtoto, litazame karagosi na uongee nalo.

Asiyetulia asipewe nafasi ya mti. Nimeona walimu wakifanya hivyo, eti atulie. Mpe ya kukimbia: mpeleka barua, utingo, mchunga mbuzi.

Mwenye kifafa aigize kama wengine, usimweke kando. Ila epuka taa za kumetameta, asipande juu ya meza, na darasa zima lijue la kufanya akianguka: kuondoa vitu vigumu karibu naye, kumlaza ubavu, kutomtia kitu chochote mdomoni, na kumpeleka hospitali degedege likipita dakika tano. Hilo nalo ni igizo zuri la kufanyia mazoezi.

Nani apewe nafasi gani

Ukiona kwenye igizo la darasa jumuishi mwenye kiti mwendo ni mgonjwa tena, na mwenye ulemavu wa akili ni mlevi wa kuchekesha tena, simamisha. Watoto hugawana nafasi kama walivyoona mtaani na kwenye vichekesho vya runinga, ambako kigugumizi na kuchechemea bado ni mtaji wa wachekeshaji. Wewe geuza. Mwenye kiti mwendo ni dereva, maana tayari ana magurudumu. Au ni mkuu wa wilaya, na wengine wote ndio wanaopiga magoti kupima barabara.

Angalia pia wale wema kupita kiasi. Kuna msichana katika kila darasa anayejua kumshika mwenzake mkono, kumfuta makamasi, kumchukulia kadi. Anastahili sifa, na bado mwambie akae. Mchezo ambao mmoja ni msaidizi kila siku ni kazi ya ndani. Michezo yetu ya asili husaidia hapa kwa kuwa sheria zake zinakunjika bila mchezo kuvunjika: rede huchezeka kwa mpira wenye njuga ndani, mdako huchezeka mezani, kujificha huchezeka kwa anayetafuta kufuata sauti. Waachie watoto wenyewe wabadili sheria. Wataibua njia ambazo huzipati kwenye andalio la somo.

Igizo la kusema hapana

Sehemu hii wengi huiruka kwa aibu. Watoto wenye ulemavu wako kwenye hatari kubwa ya kudhalilishwa, kwa kuwa wengi wamezoezwa kuguswa na kila mtu, wanaoshwa, wanavalishwa, wanabebwa, na wanasifiwa kwa utii. Fundisha kwa mwanasesere. Usimpe mtoto yeyote nafasi ya mtendewa wala ya mtendaji. Mwanasesere anaguswa pasipofaa, watoto wanamfundisha kusema "Hapana!", kuondoka, na kumweleza mtu. Wasiosema waandaliwe kadi au alama ya "hapana" wanayoifahamu wote nyumbani na shuleni. Kila mtoto ataje watu watatu wa kuwaeleza.

Jiandae kwamba siku moja mtoto atakueleza kitu cha kweli katikati ya igizo. Usimhoji mbele ya wenzake na usiahidi siri. Maliza kipindi kwa utulivu, kisha fuata njia ya shule, ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto, nchini Tanzania na Kenya, ni 116.

Daftari, mthibiti ubora na mzazi

Atakuja mtu akukute mnayumba kwenye viti na aulize mnasoma lini. Usikasirike, mwekee wazi daftari. Kila mtoto awe na ukurasa wake, mistari mitatu kwa wiki, vitendo vinavyoonekana tu. "Amefurahi" haisaidii. "Jumanne alisubiri zamu yake wakati abiria wawili wanalipa, Ijumaa wanne" inasaidia. Kwenye andalio la somo taja umahiri: kutumia fedha, kusubiri zamu, kuomba msaada. Akiendelea kubisha, mwambie kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika kifungu cha 30 unataka mtoto mwenye ulemavu ashiriki michezo sawa na wengine, shuleni pia.

Mzazi yeye mpe kitu kidogo cha kufanya. Mama anayechagua mchele hana haja ya kuacha kazi: mtoto akae upande wa pili wa ungo, awe mteja, adai mchele usio na mawe. Baba akirudi abishe hodi mara tatu, asifunguliwe mpaka ajibu swali la bawabu. Dakika kumi za namna hiyo kila siku zinatosha.

Na siku ya wazazi? Tuliirudia mwaka uliofuata, bila spika. Tuliwaita wazazi sita sita darasani, wakawa abiria. Mtoto wa mfuniko aliendesha. Msichana wa kopo alipita kudai nauli, na mzazi mmoja ambaye hakubeba sarafu alishushwa kituo cha kwanza, akasimama nje ya mkeka mpaka safari ilipoisha.

Kesho panga viti sita. Mfuniko wa sufuria utauazima jikoni.